Kadi ikienda, kiti kinabaki kwa nani? Jibu kwa kijana wa Himo kuhusu ubunge wa Mrema

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Himo, nimezaliwa 1997. Nyumbani tunabishana sana kuhusu hayati Mzee Augustine Mrema. Babu anasema kila alipohama chama alinyang'anywa ubunge. Baba mdogo anasema hakunyang'anywa, aliuacha kwa hiari yake. Mimi nikauliza: kama mbunge akitengana na chama anapoteza kiti, mbona wale wabunge 19 wa viti maalumu walifukuzwa na CHADEMA wakaendelea kukaa Bungeni? Na je, ni kweli Mzee alifariki akiwa amerudi CCM, maana tulimwona akimpigia debe Magufuli?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Ningekuwa hapo barazani kwenu ningemwambia babu amekosea kitenzi, na baba yako mdogo amekosea sababu. Hakuna mtu aliyemnyang'anya Mrema ubunge. Lakini pia hakuamka siku moja akasema ubunge umemchosha. Alichoacha ni chama, na Katiba ikamalizia kazi.

Fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 71(1). Pale yametajwa mambo yanayomfanya mbunge akome kuwa mbunge, na aya ya (e) inamhusu anayeacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa au kuteuliwa. Hapigiwi kura na wenzake, wala hahojiwi na wapiga kura wake. Uanachama ukikoma, kiti ki wazi. Isome pamoja na Ibara ya 67, inayotaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Kwa maneno mengine, umeingia Bungeni kwa kadi, na ukiirudisha kadi unatoka. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila aliupigania mlango wa mgombea binafsi kuanzia miaka ya 1990, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ikasema kumzuia mtu asigombee bila chama ni kuvunja haki zake. Alishinda kesi, mlango haukufunguliwa.

Aya hiyo ya (e) ina ukoo. Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais wa Kenya, akatoka KANU, chama tawala, na kujiunga na KPU, chama kipya cha upinzani, pamoja na wabunge wenzake. Mwezi haujaisha, Bunge la Kenya likapitisha marekebisho ya Katiba kwamba mbunge akiacha chama kilichomwingiza arudi kwa wananchi kuomba kura upya. Juni mwaka ule viti 29 vya mabunge mawili vikapigiwa kura, KPU ikaambulia 9. Kwetu nako, Oktoba 1968 TANU, chama tawala cha wakati huo, iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, Joseph Kasella-Bantu akiwa mmoja wao, na wakapoteza viti pia. Basi tuliporudi kwenye vyama vingi mwaka 1992, wazo kwamba kiti ni mali ya chama halikuwa geni kwa mtu yeyote. Lilivuka tu kutoka zama za chama kimoja likaingia zama mpya, na wapinzani wenyewe hawakulipigia kelele, kwa sababu kila chama kichanga kiliogopa wabunge wake watanunuliwa.

Sasa tuje kwa Mrema mwenyewe, Mzee wa Kiraracha.

Alizaliwa Desemba 1944, akafanya kazi ya ualimu, na katikati ya miaka ya 1980 akaingia Bungeni kwa kiti cha Moshi Vijijini kupitia CCM, wakati huo chama pekee. Mwaka 1990 Rais Ali Hassan Mwinyi akampa Wizara ya Mambo ya Ndani. Ninyi mliozaliwa 1997 hamwezi kuelewa kirahisi jina lake lilivyovuma. Waziri alikuwa anatokea mwenyewe kituoni usiku, anasikiliza wanawake waliotelekezwa na waume zao, anampa mkubwa fulani "siku saba" awe ametekeleza jambo. Sungusungu wakapata nguvu mijini, wananchi wakachangishana kujenga vituo vidogo vya polisi mitaani. Sisi wanasheria tulikuna vichwa: mengi aliyoyaamua pale mezani kwake yalikuwa kazi ya mahakama. Ila jaribu kumwambia hivyo mama wa Manzese ambaye kesi yake ilikuwa imelala miaka mitatu, halafu waziri ameimaliza kwa dakika ishirini.

Mwaka 1993 Mwinyi akamwongezea cheo cha Naibu Waziri Mkuu. Cheo hicho hakimo kwenye Katiba. Salim Ahmed Salim aliwahi kukishika kabla yake, na Doto Biteko akapewa mwaka 2023. Ni cheo cha heshima ambacho rais anakitoa akitaka na kukifuta akitaka, na Mrema alikuja kukijua hivyo upesi. Desemba 1994 baraza lilisukwa upya, akahamishiwa Wizara ya Kazi na unaibu waziri mkuu ukaisha. Februari 1995, katika sakata la mashamba ya mkonge ya Tanga na fedha za mpango wa kubadili madeni ya nje, alisimama Bungeni akasema asivyopaswa waziri kusema dhidi ya serikali yake. Mwinyi akamwondoa uwaziri.

Hapa naomba utulie, maana ndipo babu na baba mdogo wanapopishana. Kufukuzwa uwaziri hakukumgusa ubunge. Uwaziri anautoa rais, ubunge unatoka kwa mpiga kura kupitia chama. Angeweza kurudi kiti cha nyuma, akakaa miezi michache iliyobaki, akalipwa kiinua mgongo chake na kugombea tena Oktoba kwa tiketi ya CCM kama chama kingemrudisha. Wengi waliofukuzwa uwaziri kabla na baada yake wamefanya hivyo hivyo. Yeye aliondoka CCM wiki chache baadaye na kuingia chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi, na kwa aya ya (e) ubunge wa Moshi Vijijini ukaishia hapo. Aliuacha kwa hiari? Aliacha kadi kwa hiari. Kiti hakikuwa chake kukibeba.

NCCR ilimpokea kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Mabere Marando akampisha uenyekiti, yeye akawa Katibu Mkuu. Mwaka ule watu walisukuma gari lake barabarani kwa mikono, injini imezimwa. Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa amestaafu, alizunguka nchi kumnadi Benjamin Mkapa, na si siri kwamba aliyekuwa akimzuia ni Mrema. Kura zikatoka: Mkapa asilimia 61.8, Mrema 27.8, Ibrahim Lipumba 6.4, John Cheyo karibu 4. Dar es Salaam uchaguzi ulivurugika kiasi cha kufutwa na kurudiwa Novemba, na wapinzani wakasusa. Kura zaidi ya milioni 1.8 alizopata Mrema zilikuwa nyingi kuliko za wapinzani wengine wawili kwa pamoja mara mbili na ushei, lakini NCCR ikapata majimbo 16 tu, na yeye mwenyewe akabaki nje ya Bunge, kwa sababu aliyegombea urais hakugombea jimbo.

Alirudi Bungeni Oktoba 1996 kwa uchaguzi mdogo wa Temeke. Mbunge wa CCM aliyeshinda mwaka uliotangulia, aliyeitwa Kihiyo, alijiuzulu wakati kesi ikimkabili kuhusu elimu yake. Ndiyo maana mpaka leo ukimsikia mtu anamwita mwenzake "kihiyo" kwa kumtilia shaka vyeti, neno hilo limetoka Temeke. CCM ikamsimamisha Abdul Cisco Mtiro. Mrema akashinda. Kwa Mchaga wa Kiraracha kushinda Temeke, jimbo la watu wa pwani na wa kila kabila, si jambo dogo. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba kura ile ilipigiwa mtu zaidi ya chama. Na hapo ndipo uchungu wa aya ya (e) ulipo: watu wanampigia mtu, sheria inaandika chama.

Kisha NCCR ikapasuka. Mwenyekiti huku, Katibu Mkuu kule, kila mmoja na kamati yake na mawakili wake. Kikao cha Tanga cha 1997 kiliishia kwenye vurugu, na baada ya hapo ilikuwa ni mahakamani na kwa Msajili wa Vyama. Mrema alikuwa na umati. Lakini umati haupigi mhuri kwenye barua za chama. Katika ugomvi wa ndani ya chama anayeshinda ni yule mwenye muhtasari wa vikao, akaunti ya benki na daftari la wanachama, na Mrema hakuwahi kuwa mtu wa mafaili. Mwaka 1999 akachoka. Akachukua wafuasi wake akahamia Tanzania Labour Party, ambako alikabidhiwa uenyekiti. Ubunge wa Temeke ukamponyoka kwa sababu ile ile iliyomtoa Moshi Vijijini.

Kwa hiyo mwambie babu: mara mbili alikuwa mbunge, mara mbili akaondoka kwenye chama, mara mbili kiti kikabaki nyuma. Na bei ilizidi kupanda. Kwenye urais wa 2000 alipata asilimia 7.8, mwaka 2005 hakufika hata asilimia 1. Wapo wanaosema Watanzania walimchoka. Mimi naona zaidi kwamba kila alipohama alikuwa anaanza upya kujenga matawi, kutafuta mawakala wa kulinda kura na kuchapisha kadi, wakati CCM ina balozi kila nyumba kumi. Ilimchukua mpaka 2010, miaka kumi na moja, kurudi Bungeni, safari hii nyumbani Vunjo kwa tiketi ya TLP. Akapewa uenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, na nadhani ndiyo kazi iliyomfaa kuliko zote baada ya Mambo ya Ndani: kuwabana wakurugenzi wa halmashauri kuhusu risiti zisizoonekana. Mwaka 2015 James Mbatia wa NCCR-Mageuzi, chama alichokihama, akamwangusha. Alijaribu tena 2020, jimbo likaenda kwa Charles Kimei wa CCM.

Sasa swali lako la wale 19, ambalo ndilo gumu zaidi.

Tofauti yao na Mrema ni moja: Mrema alisema "nimeondoka". Wao walisema "hatujaondoka, na mliotufukuza hamkufuata taratibu". Halima Mdee na wenzake 18 waliapishwa Novemba 24, 2020, na siku tatu baadaye Kamati Kuu ya CHADEMA ikawavua uanachama. Wakakata rufaa ndani ya chama, na rufaa ikakaa mpaka Mei 2022 Baraza Kuu lilipoitupa. Wakaenda Mahakama Kuu. Desemba 2023 mahakama ikautengua uamuzi wa Baraza Kuu, kwa kuwa miongoni mwa walioamua rufaa walikuwamo waliokwisha kuwahukumu kwenye Kamati Kuu. Huwezi kuwa hakimu wa chini na wa juu kwenye kesi ile ile. Muda wote huo Bunge lilishikilia kwamba suala la uanachama wao halijafika mwisho, na Bunge la 12 likamaliza muhula wake wakiwa ndani.

Hawakuibuni njia hiyo. David Kafulila alifukuzwa NCCR-Mageuzi Desemba 2011, akakimbilia mahakamani, akabaki mbunge wa Kigoma Kusini hadi 2015. Hamad Rashid Mohamed wa Wawi alifukuzwa CUF Januari 2012, naye akabaki kwa njia hiyo hiyo. Zitto Kabwe alipata zuio la mahakama mwanzoni mwa 2014 ili CHADEMA isijadili uanachama wake, likamlinda zaidi ya mwaka. Kesi ilipotupwa Machi 2015, chama kikatangaza siku hiyo hiyo kwamba si mwanachama tena, na siku chache baadaye akaliaga Bunge na kwenda chama kingine, ACT. Unaona mchezo ulivyo? Neno "kuacha kuwa mwanachama" linaonekana jepesi kwenye karatasi, lakini nani anathibitisha kwamba mtu ameacha? Ukiandika barua mwenyewe, umejithibitishia. Ukifukuzwa na kupinga, una mahakama, na kesi zetu unazijua zinavyokwenda.

Kuna mlango mwingine nao: Spika. Yeye ndiye anayeiandikia Tume ya Uchaguzi kwamba kiti ki wazi. Asipoandika, hakuna uchaguzi mdogo. Cecil Mwambe, mbunge wa Ndanda kwa CHADEMA, alitangaza hadharani Februari 2020 kwamba anahamia CCM. Mei akaonekana tena Bungeni, Spika Job Ndugai akisema hajapokea barua rasmi. Nilipowafundisha wanafunzi wangu tukio hilo darasa zima lilicheka, kisha mmoja akauliza swali la maana sana: je, angekuwa anatoka CCM kwenda CHADEMA, barua ingechelewa hivyo? Nilimwambia achukue mfano wa Lazaro Nyalandu. Oktoba 2017 alitangaza kuondoka CCM na ubunge wa Singida Kaskazini, na Januari 2018 jimbo lilikuwa limekwisha kupata mbunge mwingine wa CCM. Zaidi ya hapo sikumjibu.

Nataka useme na hili mkiendelea kubishana: wapo waliohama wakiwa wabunge na hawakuumia hata kidogo. Mwaka 2017 na 2018 kulikuwa na msururu wa wabunge wa upinzani waliojiuzulu "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli. Godwin Mollel wa Siha na Mwita Waitara wa Ukonga walikuwa CHADEMA, Maulid Mtulia wa Kinondoni alikuwa CUF. Viti vyao vilitangazwa wazi kama Katiba inavyotaka, na miezi michache baadaye wakarudi Bungeni kwa majimbo yale yale, sasa wamevaa kijani. Aya iliyomtoa Mrema Temeke iliwatoa na wao. Tofauti ni chama gani kinakusubiri upande wa pili, na kama kina uwezo wa kukurudisha. Mimi binafsi sioni kwamba sheria hii imewahi kuzuia kununuana. Inamwumiza anayehamia chama kidogo, basi.

Na wajanja zaidi husubiri. Rais Kikwete aliliaga Bunge la 10 Julai 9, 2015. Mwezi huo huo Ester Bulaya na James Lembeli wakatoka CCM kwenda CHADEMA, na Julai 28 Edward Lowassa akafuata. Muhula ulikuwa umekwisha, hapakuwa na kiti cha kupoteza wala kiinua mgongo cha kuhatarisha. Bulaya akaenda kumshinda Stephen Wassira Bunda Mjini. Ukimlinganisha Mrema na hao, Mzee hakuwa na subira ya mahesabu. Alitoka mapema mwaka 1995 ilhali angeweza kusubiri muhula uishe.

Swali lako la mwisho lina jibu fupi. Hapana, hakurudi CCM. Mwaka 2015 alimuunga mkono Magufuli kwenye urais huku yeye akigombea Vunjo kwa TLP, na 2020 akafanya vivyo hivyo. Kwa Kenya ya leo angekuwa matatani, maana sheria yao ya vyama inamhesabu anayekipigia debe chama kingine kuwa amejiuzulu chake. Kwetu hakuna kifungu cha namna hiyo kwenye Katiba, na chama chake kilikuwa chini yake mwenyewe, kwa hiyo nani angemfukuza? Mwaka 2016 Magufuli alimteua kuwa mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole, kazi ya kupitia majina ya wafungwa wanaostahili kutoka. Waziri wa zamani wa magereza akawa mlango wa kutokea magerezani, na kwa uteuzi huo hakuhitaji kadi ya chama chochote.

Alifariki Muhimbili Agosti 21, 2022, akazikwa Kiraracha. Alikuwa bado mwenyekiti wa TLP, miaka 23 tangu alipotoka NCCR. Kama baba yako mdogo anabisha, mwulize NCCR Mzee alikaa miaka mingapi. Ni minne tu, na humo ndani yumo Mrema yule wa kura milioni 1.8 ambaye babu yako anamkumbuka.